Likizo hii tazameni 3 Idiots (na mumwangalie sana Chatur)

Leo tunaweka kando hifadhidata na seva, tukae sebuleni.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika ukoo wetu, kwa hivyo kazi zangu za likizo zinajulikana. Kuondoa virusi. Kurekebisha printa ambayo kwa kawaida haina ubaya wowote ila kebo imechomoka. Na kujibu swali, "Tutazame nini usiku?" Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote. Sebuleni kuna baba, mwalimu mstaafu ambaye akiona watu wanabusiana kwenye runinga hukumbuka ghafla kwamba hajafunga lango. Kuna mama, ambaye Kiingereza cha haraka humpita. Kuna mdogo wangu wa chuo kikuu, na kwake kila kitu kilichotoka kabla ya juzi ni cha kizamani. Halafu kuna watoto wa dada yangu wasioweza kukaa kitako dakika kumi. Tafuta filamu moja itakayowashika wote hao! Waliosoma sayansi ya kompyuta wanajua kwamba tatizo lenye masharti mengi yanayogongana halina jibu la haraka.

Jibu langu, baada ya majaribio mengi, ni 3 Idiots.

Najua wengine mmeshaiona. Si mpya: ilitoka India tarehe 25 Desemba 2009, ikiongozwa na Rajkumar Hirani, na ikawa filamu ya kwanza ya Kihindi kupita mapato ya rupia bilioni 2 katika kumbi za India. Baadaye Watamil wakaitengeneza upya kwa jina Nanban (2012), na hata Wamexico wakatengeneza yao mwaka 2017. Lakini kuiona peke yako kwenye laptopu, visikizi masikioni, si sawa na kuiona watu wanane mkiwa mmejazana kwenye makochi mawili. Filamu hii ilitengenezwa icheke na watu.

Hadithi ni hii, na sitaharibu mwisho. Vijana watatu wanakutana bwenini katika chuo cha uhandisi cha kubuni, Imperial College of Engineering (sehemu za chuo zilipigwa picha katika IIM ya Bangalore, ambayo kusema kweli ni chuo cha mambo ya usimamizi wa biashara). Farhan anataka kupiga picha za wanyama wa porini, lakini baba yake alimtangaza kuwa injinia siku aliyozaliwa. Raju ametoka katika umaskini: baba amepooza, mama amechoka, dada anakaa bila kuolewa kwa sababu hakuna mahari. Mama yangu ilibidi aelezwe mara mbili kwamba huko mahari hutolewa na upande wa msichana. Wa tatu ni Rancho, anayependa mashine kama wengine wanavyopenda mpira. Juu yao kuna mkuu wa chuo, wanayemwita Virus, anayeandika kwa mikono miwili kwa wakati mmoja na kulala dakika saba na nusu tu mchana, kwa saa. Miaka kumi baadaye Farhan na Raju wanasafiri kumtafuta Rancho, aliyetoweka.

Rancho ni Aamir Khan, aliyekuwa na miaka 44 wakati huo, akiigiza kijana wa mwaka wa kwanza! R. Madhavan alikuwa na 39, Sharman Joshi 30. Mdogo wangu alicheka dakika tano za mwanzo, kisha akasahau kabisa. Boman Irani ndiye Virus, Kareena Kapoor ni Pia, binti yake Virus.

Ninachopenda katika kichekesho cha kundi kama hiki ni kwamba hakuna mtu aliyewekwa pale kama pambo. Kila mmoja ana hofu yake. Farhan anamwogopa baba yake, Raju anaiogopa kesho, Virus anaogopa kuwa wa pili. Kichekesho kinazaliwa pale hofu mbili zinapogongana mlangoni. Halafu Hirani anaandika kama mtu wa programu: anatangaza kitu mapema, anakiacha, unakisahau, kisha anakiita saa mbili baadaye kikafanya kazi ambayo hukuitarajia. Maji ya chumvi, kalamu, betri za magari, neno la kujituliza moyo. Vyote vinarudi.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike leo.

Kila mtu akikushauri uitazame atakuambia umwangalie Rancho. Mimi nawaambia mumwangalie Chatur.

Chatur Ramalingam ndiye mkariri. Anakesha, anameza vidonge vya kumbukumbu, na vidonge hivyo vinamharibu tumbo kwa namna ambayo watoto wa dada yangu waliona ndiyo sehemu bora ya filamu nzima. Kabla ya mtihani anawasambazia wenzake majarida ya uchi ili wasisome. Mtu wa ovyo, tukubaliane. Lakini sikilizeni jinsi filamu inavyomtambulisha: alizaliwa Uganda, akasomea Pondicherry kusini mwa India, kwa hivyo Kihindi chake kinasuasua. Ni jirani yetu huyu! (Filamu haielezi zaidi. Ukipiga hesabu unaona Farhan alizaliwa 1978, na Chatur ni mwanafunzi mwenzake. Miaka hiyo Wahindi waliobaki Uganda walikuwa wachache sana, maana Idi Amin aliwafukuza mwaka 1972. Familia ya Chatur ilikuwa inafanya nini Uganda? Hiyo nayo ingetosha filamu nyingine.) Mwigizaji wake, Omi Vaidya, ni Mmarekani aliyekulia California, na ile lafudhi yake ni nusu ya ucheshi.

Kuna kipindi darasani ambapo mwalimu anauliza mashine ni nini. Rancho anajibu kama ambavyo ungemjibu mtoto: ni kitu chochote kinachompunguzia binadamu kazi. Anatoa mifano, feni, simu, mpaka zipu ya suruali anaipandisha na kuishusha. Mwalimu anakasirika. Chatur anasimama na kumwaga maana ya kitabuni, sentensi ndefu ya Kiingereza isiyo na pumzi, na mwalimu anafurahi. Rancho anafukuzwa darasani, kisha anarudi kuchukua kitu alichosahau na kukieleza kwa lugha ndefu vile vile ya kitabuni, hakuna anayeelewa. Kitu chenyewe ni vitabu vyake.

Kila mtu humcheka Chatur hapo. Lakini jiulizeni: kwa nini amekariri? Filamu imekwisha kutuambia. Lugha ya pale si yake. Mtu ambaye hana maneno yake mwenyewe ya kuelezea kitu hushika maneno ya kitabu kwa mikono miwili, kwa sababu akiyaachia hana kingine.

Nilisoma sekondari ya mashambani yenye kompyuta chache zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya wageni. Kabla hatujaruhusiwa kuzigusa tulikariri maana ya kompyuta kwa Kiingereza, darasa zima kwa sauti moja, kama sala. Kifaa cha kielektroniki kinachopokea data, kikaichakata, kikatoa matokeo. Ninaweza kuisema hadi leo nikiwa nusu usingizini. Hakuna aliyewahi kutuambia kwa Kiswahili kwamba kompyuta ni karani mwepisi sana asiye na akili, anayefanya unachomwambia na si unachomaanisha. Hilo nililijua miaka mingi baadaye, kazini, saa nane usiku.

Na hali ndiyo hiyo nchini. Mtoto hufundishwa kwa lugha ya nyumbani au Kiswahili madarasa ya chini, kisha kuanzia darasa la nne kila somo ni kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe na lugha nyingine. Halafu tunashangaa tunazalisha kina Chatur. Wengi wetu tunaoandika programu ni kina Chatur tuliobahatika, tulipata nafasi ya kuvunja vitu na kuvitengeneza mpaka maneno yakapata maana.

Kipindi cha hotuba ndicho kinachoonyesha hili vizuri zaidi. Chatur ametakiwa kutoa hotuba kwa Kihindi kizito mbele ya mgeni wa heshima. Anaandikiwa na mkutubi, anakariri. Rancho anaingia kwenye kompyuta ya mkutubi na kubadilisha maneno mawili matatu. Tafuta, badilisha zote. Chatur anapanda jukwaani na kuyasoma yote kwa ujasiri mkubwa, ukumbi unaangua kicheko, naye anadhani wanampenda! Mtu aliyeelewa angeshtuka kwenye neno la kwanza. Aliyekariri hawezi kushtuka, kama vile programu isivyoshtuka ukiilisha data mbovu. Inaichakata tu.

Hapa lazima niwaonye mapema, maana nasema filamu ya nyumbani. Neno lililowekwa katika hotuba ile ni la ubakaji, na utani unajirudiarudia. Halichekeshi, na kwangu ndiyo doa kubwa la filamu hii. Nyumbani nilikuwa na njia ya kulikwepa, na njia yenyewe ni ya kiufundi kidogo, kwa hivyo vuteni viti.

Maandishi ya chini ya skrini mara nyingi hukaa katika faili ndogo yenye mkia wa .srt. Ifungue kwa Notepad uone, haina siri. Kuna namba, kisha mstari wa muda, kuanzia sekunde hii hadi ile, kisha maneno yenyewe, kisha mstari mtupu. Ndiyo yote! Ni mojawapo ya miundo rahisi kuliko yote niliyowahi kukutana nayo. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anayejua Kiswahili na kuandika kwa taipu anaweza kumtafsiria mama yake filamu.

Sikutafsiri yote. Inaenda karibu dakika 170, na mazungumzo hayana breki. Nilichagua vipindi kama sita, vile ambavyo ukikosa neno umekosa kila kitu, na vingine nilimsomea mama kwa sauti papo hapo. Kazi iligeuka kuwa ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu skrini ina nafasi ndogo. Mistari miwili, herufi arobaini na kidogo kila mmoja, na jicho linahitaji muda. Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba sentensi nzima, jambo zuri, lakini kitenzi hicho kina herufi kumi na tano na hakikatiki katikati. Nilijifunza kufupisha kwa ukatili.

Kwenye hotuba ya Chatur niliamua kuandika utani wangu. Nilihitaji maneno ya Kiswahili ambayo ukigusa herufi kidogo yanageuka kituko. Mkuu wetu "amewaokoa" wanafunzi maelfu. Ondoa herufi moja, "amewaoka" wanafunzi maelfu. Mheshimiwa waziri ametuletea "hazina". Badilisha kidogo, ametuletea "hasira". Basi Chatur akasimama akamsifu mkuu wa chuo kwa kuwaoka wanafunzi kwa miaka mingi, na kwamba ataendelea kuwaoka, na dunia nzima itamwiga. Mama alicheka hadi akavua miwani. Baba, aliyefundisha miaka zaidi ya thelathini, alisema anawajua wakuu kadhaa wa aina hiyo.

Mkitaka kujaribu, mambo mawili. Hifadhi faili katika UTF-8, la sivyo baadhi ya alama zitageuka mapembe. Na kama maandishi yanawahi au kuchelewa kwa kiasi kile kile filamu nzima, katika VLC bonyeza G au H uyasogeze kidogo kidogo. Lakini kama mwanzoni yako sawa halafu yanazidi kuachana na sauti, hiyo ni shida nyingine: faili lilitengenezewa nakala inayokwenda picha 25 kwa sekunde na yako inakwenda 23.976, au kinyume chake. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa filamu ya dakika 170 utafika mwisho maandishi yakiwa mbali karibu dakika saba. Hapo kubonyeza H hakutakusaidia, itabidi kila muda uzidishwe kwa kigawo kimoja. Programu ya mistari kumi inatosha. (Na nunueni au kodini nakala halali. Waliotengeneza kitu kizuri wale.)

Narudi sebuleni.

Kuna kijana mwingine mle anaitwa Joy Lobo. Yuko mwaka wa mwisho, anaunda helikopta ndogo yenye kamera isiyotumia waya. Leo vitu hivyo vinarushwa kwenye kila harusi, lakini mwaka 2009 ilikuwa ndoto ya maabara. Amechelewa, anaomba muda aongezewe kidogo. Virus anampigia simu baba yake Joy na kumwambia mtoto hatahitimu mwaka huu. Rancho na wenzake wanaichukua ile mashine, wanaimalizia kwa siri ili wamfurahishe, wanairusha mpaka dirishani kwake. Na kamera ndiyo inayotuonyesha kwamba Joy amejiua.

Inakuja katikati ya kicheko, bila onyo. Baadaye Raju naye anajirusha dirishani, ingawa yeye anapona. Kwa hivyo kama nyumbani mwenu kuna mtu ambaye jambo hili limemgusa, mwambieni kabla, au mtazame pamoja mkiwa karibu naye. Msimwache aione peke yake chumbani.

Kwetu, baba alisema, "Simamisha hapo." Nikasimamisha. Hakusema kitu. Alitoka nje kama anayeenda kuangalia lango, na safari hii hakuna aliyekuwa amembusu mtu. Aliporudi aliniambia, "Endelea," tukaendelea.

Kesho yake asubuhi, mimi na mdogo wangu tukiosha vyombo, aliniambia amefeli masomo matatu na hajamwambia mtu tangu Septemba. Anasoma uhandisi wa umeme. Alisema anajua noti zote, anaweza kuniandikia ukurasa mzima bila kutazama, lakini akiuona mtihani hajui swali linataka nini. Kisha akasema, "Mimi ni yule wa Uganda." Alikuwa anacheka kidogo aliposema hivyo, ndiyo maana nilijua si mzaha.

Baba alijua kabla ya chakula cha mchana, kutoka kinywani mwa mdogo wangu mwenyewe. Sikuwa chumbani. Nilisikia tu, kupitia ukuta, baba akimuuliza kwa sauti ya chini kabisa kama miezi hiyo yote alikuwa analala.

Sisemi filamu ndiyo iliyotenda. Pengine angesema tu, siku nyingine. Lakini ni vigumu kuanza mazungumzo kama hayo katika nyumba ambamo kila mtu amekwisha kukuita injinia tangu matokeo ya KCSE yatoke, na filamu iliyoanza kwa kuchekesha watoto ilikuwa imeyaanzisha tayari usiku uliopita, kwa niaba yake.

Bado anasoma uhandisi, msije mkadhani amekimbilia kupiga picha za simba Maasai Mara. Alirudia masomo yale. Jumapili jioni tulikuwa tunaongea kwa simu na namweleza kwa Kiswahili vitu alivyovikariri kwa Kiingereza. Ile hesabu ya Fourier, kwa mfano, iliyomtesa muhula mzima: kwaya inaimba, wewe unasikia sauti moja iliyochanganyika, hesabu hiyo inakuambia nani alikuwa anaimba sauti gani na kwa nguvu kiasi gani. Alinyamaza, kisha akaniuliza kwa nini hawakusema hivyo.

Haya, sasa malalamiko yangu kama mtu wa kazi. Rancho anakera. Hasomi, hakosei, na anatoka wa kwanza kila mwaka. Kila anachokiunda kinafanya kazi mara ya kwanza! Hakuna hata kipindi kimoja anakaa mbele ya kitu kilichokataa kuwaka, anakuna kichwa, anagundua baada ya siku mbili kwamba waya mmoja haukuingia. Watoto wakiona hivyo watadhani wenye vipaji hawahangaiki. Katika hilo, Chatur anayekesha yuko karibu na ukweli kuliko Rancho.

Kipindi cha mama kujifungua wakati wa mafuriko nacho ni cha kutazama kwa jicho moja limefumbwa. Stima imepotea, barabara zimejaa maji, Pia ambaye ni daktari anaelekeza kwa kamera ya kompyuta, na wanafunzi wanaunganisha betri za magari ili kuendesha mashine ya kufyonza vumbi isaidie kumvuta mtoto. Hospitalini kuna kifaa halali cha kuvuta mtoto kwa hewa, chenye kikombe laini na nguvu inayopimwa. Cha kufagilia zulia si hicho, tafadhali. Ila ile sehemu ya betri ni sahihi kimsingi. Stima ya betri huenda upande mmoja tu, ya ukutani hubadilisha mwelekeo ikizunguka mara 50 kwa sekunde, India na Kenya pia. Kibadilishi ndicho kinachoigeuza moja kuwa nyingine na kuipandisha volti. Hesabu yake si ya mchezo: mashine ya wati 1,000 ikitegemea betri ya volti 12 inavuta ampea zaidi ya 80, ndiyo maana betri ni nyingi na nyaya nene. Mama yangu, ambaye amepikia wageni gizani mara nyingi kuliko anavyotaka kukumbuka, ndicho kipindi alichokifuatilia kuliko vyote. Aliuliza kwa nini sisi hatuna kitu hicho. Swali zuri, na jibu lilinigharimu pesa Januari.

Kuna pia lile suala la kalamu. Virus anajivunia kalamu ya wanaanga inayoandika popote, na Rancho anauliza kwa nini wasingetumia penseli tu. Darasa linacheka, na hadithi hiyo imesambazwa kwa barua pepe duniani kote kama ushahidi wa ujinga wa NASA. Ukweli ni kwamba kalamu hiyo iliundwa na kampuni ya Paul Fisher kwa pesa zake yenyewe, si za serikali, ikatumika katika safari za Apollo kuanzia Apollo 7 mwaka 1968, na Warusi nao wakainunua. Penseli zilikuwa zimetumika, lakini ncha ikivunjika inaelea, na vumbi lake linapitisha umeme. Kinachonifurahisha ni kwamba filamu yenyewe inalijua hilo. Subirini, Virus atalijibu lile swali, na ni mojawapo ya nyakati adimu Rancho anapokosa la kusema.

Na msizime mapema mkidhani imekwisha. Sehemu ya mwisho iko Ladakh, milimani kaskazini kabisa mwa India, penye ziwa Pangong la buluu isiyoaminika. Shule inayoonekana pale ni ya kweli, Druk White Lotus, na baada ya filamu ilivamiwa na watalii wanaotaka kupiga picha. Mle ndani kuna vifaa vinavyoonekana kama vichekesho: mashine ya kufulia ya kukanyaga kama baiskeli, kinu cha unga kinachoendeshwa na skuta, mashine ya kunyolea manyoya inayoendeshwa na baiskeli. Si vya kubuni. Vilitokana na kazi za wavumbuzi wa kawaida wa India, Remya Jose, Jahangir Painter na Mohammad Idris, watu wasio na maabara. Baba alisimama karibu na skrini kuona kinu kinavyofungwa kwenye skuta. Kama umewahi kupita Kamukunji ukasikia nyundo za jua kali, utaelewa kwa nini.

Mipango ya mwisho. Ina mapumziko katikati, kama filamu nyingi za Kihindi, na hapo ndipo pa kupakua chakula. Ukianza saa moja na nusu jioni utamaliza kabla ya saa tano usiku hata baba akienda langoni mara mbili. Punguza tofauti ya sauti kati ya nyimbo na maneno, VLC ina kibana sauti, vinginevyo wimbo ukianza utawaamsha majirani. Watoto chini ya miaka kumi hivi, walazeni kabla ya Joy Lobo au muwe tayari kujibu maswali. Kuna busu moja, fupi, karibu na mwisho.

Dada yangu ameshaniuliza ya Pasaka itakuwa ipi. Nimemtafutia Munna Bhai M.B.B.S. ya 2003, ya Hirani huyo huyo, jambazi anajifanya mwanafunzi wa udaktari. Faili la .srt nimelifungua jana. Mdogo wangu ameomba atafsiri yeye nusu.